Dawa ya Mlima Niliyombebea Mwanangu

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayetoka damu puani kila asubuhi na kukuambia ni vumbi, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Soma polepole, maana hata mimi nimeyaandika polepole. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Mbuzi wa baba walikula mihogo ya katekista, nikatolewa darasani ili nikawachunge vizuri. Kusoma nilijifunza utu uzima, kanisani, pamoja na akina mama waliokuwa wakinicheka nikishika kalamu kama jembe. Kiswahili nilikipata kwa askari, wakati wa vita vya waasi, nilipokuwa nikiwabebea maharage mlimani. Ndiyo maana Kiswahili changu kina amri nyingi na adabu kidogo. Mtanivumilia.

Mimi ni Bwambale, wa Rukoki. Nimebeba mizigo ya wageni wa Rwenzori miaka thelathini na kidogo, kutoka Nyakalengija mpaka kwenye barafu, hadi magoti yalipokataa. Mwanangu wa kwanza ni Mumbere. Yeye alinipita. Ana Kiingereza, akawa kiongozi wa wageni, anatembea mbele na fimbo, pale ambapo mimi nilitembea nyuma na gunia. Huyo ndiye aliyeugua. Ugonjwa wake ni kokeini. Sista mmoja wa hospitali aliniandikia neno hilo kwenye kipande cha karatasi, na ilinichukua mwaka mzima kulitamka mbele ya watu.

Kwanza nikueleze jambo la mlimani, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya.

Kuna ugonjwa wa mlima. Mtu akipanda haraka, kule juu hewa ni nyembamba, kichwa kinamuuma, anatapika, halafu anakuwa kama mlevi. Na dalili yake mbaya kuliko zote ni kwamba anakuambia yuko sawa. Nilimwona mzungu mmoja, mtu mkubwa, ndevu kama za beberu, midomo imeshakuwa ya bluu, anacheka na kusema kesho tunafika barafuni, na viatu amevivaa cha kulia kushoto. Mtu wa hivyo hashauriwi. Hapewi chai na kubembelezwa. Anateremshwa saa ileile, hata kama kilele anakiona kwa macho. Sisi wabebaji tuna sheria yetu, haikuandikwa popote. Mbebaji yeyote, hata aliyeanza jana, akisema "huyu anashuka", hakuna kiongozi wa kumpinga. Lakini anayesema ndiye anayeshuka naye. Anaacha mzigo, anaacha safari, anamfunga mgonjwa kitambaa kiunoni, anashika ncha kwa nyuma, na wanashuka wawili mpaka chini getini. Hivyo watu hawasemi ovyo.

Sasa, wazungu wana dawa ya kuzuia ugonjwa huo. Vidonge vyeupe. Nimewaona wakivimeza miaka yote. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia ana dawa ya mlima, nyeupe, ya kunusa, mimi niliona ni maendeleo. Vidonge vimekuwa unga. Hata simu zamani zilifungwa ukutani kwa waya, na leo zinatembea mfukoni.

Ilianza mwaka uliofuata baada ya mto Nyamwamba kufurika na kubeba nyumba za watu. Kuna mgeni alimwonjesha huko kambini, ndivyo alivyonieleza baadaye. Sisi nyumbani tuliona furaha tu. Alikuja Rukoki msimu wa kuchuma kahawa, akachuma kama watu watatu, anaongea kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kumeza mate. Mama yake alisema Mungu amemrudishia ujana. Kisha akalala siku mbili, hakuamka hata kwa chakula.

Mvua za mwezi wa nne zilipofika, mkanda wake ulikuwa na matundu mapya matatu, ameyatoboa kwa msumari. Taya lilikuwa linatafuna bila chakula mdomoni. Shati lilikuwa na jasho hata kwenye baridi. Na ile damu ya puani. Aliifuta kwa mgongo wa mkono kama mtu anayefukuza nzi, akisema ni vumbi la barabara ya Nyakalengija.

Mama Mumbere aliwaza ule ugonjwa ambao kila mtu anauwaza kwanza. Tulikaa naye kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi, watu wanasogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni, mimi naangalia gambuti za mtu wa mbele yangu mpaka nikajua kila kiraka. Karatasi ikatoka, hana. Tukaenda tena kwa kifua kikuu, anatema kwenye kikopo, tunangoja. Hana. Mama akaenda kwa watu wa maombi, wakamwekea mikono, naye akawacheka katikati ya sala, jambo ambalo mwanangu hakulelewa kulifanya. Kila tuliporudi na karatasi nzuri hofu iliongezeka, maana mtu alikuwa anakwisha mbele yetu na hakuna aliyejua jina la kinachomla.

Na wakati huo wote, mimi nilikuwa namletea.

Hili ndilo gumu kuandika. Alinipigia simu kutoka Nyakalengija, akasema wageni ni wengi, hawezi kuondoka, dawa yake ya mlima imekwisha. Nikienda Bwera kumsalimia dada yake, nipite Mpondwe kwenye duka la simu karibu na soko, nimtaje, nitapewa kifurushi. Niliikubali kazi hiyo kwa moyo mweupe, tena kwa furaha. Mtoto aliyesoma alikuwa hana tena shida na baba yake. Viatu anavijua kuliko mimi, njia anazijua kuliko mimi. Sasa aliniomba kitu. Nilikiweka kwenye kikopo changu cha tumbaku, nikakibeba mpaka mkononi mwake. Mara nne nilienda. Mara ya nne kikopo hakikufika.

Ilikuwa siku ya soko, jua kali, watu kutoka ng'ambo ya Congo wanapita na mafurushi. Kwenye kona kulikuwa na afande mmoja, mwanamke, mfupi, anakagua mifuko.

"Wewe mzee. Simama hapo. Fungua kikopo."

Nilifungua bila wasiwasi. Nikamwambia ni dawa ya mlima.

"Mlima gani?"

"Huu wa barafu, afande."

Alitaka kucheka, kisha akakunja uso. Akaniamuru nikae kwenye benchi la mbao nyuma ya kituo chao. Pale alikuwa amekaa mama mmoja Mkongomani, wamemzuilia vitenge vyake. Alichungulia kikopo mkononi mwa afande, akanigeukia kwa sauti ya chini.

"Muzee, ile haiko dawa. Batoto ya Goma beko banakufa na ile."

Nilimwambia yeye ni mfanyabiashara wa vitenge, mambo ya barafu hayajui. Hakukasirika. Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mtu aliyevaa shati nyuma mbele kanisani.

Afande alinikalisha pale mpaka kivuli cha kituo kikafika miguuni mwangu. Kila alipopata nafasi alikuja na swali. Nani amenituma. Nani amenipa. Kama na mimi natumia.

"Mimi sipandi tena, afande, naumwa magoti," nikamjibu.

Swali lililofuata halikuwa la polisi. Aliuliza, "Huyo mtoto wako, anatoka damu puani?"

Ndipo nikaelewa. Nikamweleza yote, mkanda, taya, kulala siku mbili, kucheka kwenye sala. Alisikiliza amesimama. Akaenda chooni na kikopo, akarudi nacho kitupu, amekiosha, kinadondosha maji, akanirudishia.

"Nikikufunga wewe," akasema, "nitakuwa nimefunga mzee mjinga, na mgonjwa atabaki huko anakufa. Hospitali ya hapa Bwera kuna sista Ithungu, anaona watu wa kichwa kila Alhamisi. Mlete kwake. Na mimi nikikuona tena na kitu hicho, sitakumbuka kwamba una magoti."

Duka la simu walilifunga jioni ileile. Mwenye duka alikuwa ameshavuka mto wa mpaka.

Nilikwenda kwa binti yangu Biira, anayeuza nguo hapo Bwera. Nilifikiri nampelekea habari mpya. Aliendelea kukunja sketi, hakuinua macho.

"Tata," akasema, ndivyo sisi Wakonzo tunavyomwita baba, "mimi nilijua. Alinituma kabla yako, nikakataa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungesema namwonea wivu kaka yangu. Siku zote unasema hivyo."

Ni kweli, nilikuwa nasema hivyo. Ukiwa na mtoto mmoja wa kujivunia, wengine wanajifunza kunyamaza. Hilo liangalie nyumbani kwako mapema.

Mama Mumbere nilimweleza kesho yake nikifika. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda kuanua kahawa, na mvua haikuwepo. Tangu hapo chakula changu alikiweka juu ya mtungi, nijichukulie mwenyewe. Katika miaka arobaini ya ndoa mkono wake ulikuwa haujaacha kunipa sahani.

Jioni ya siku ileile niliyomweleza, mbebaji mmoja aliniambia kwamba asubuhi Mumbere anawapandisha wageni watano. Siku nane, juu kabisa, kwenye nyufa za barafu, na maisha ya watu yamefungwa kwenye kamba yake. Nilijua yuko vipi. Nilijua pia kwamba akipanda na unga umekwisha, au akapanda nao, ni mamoja.

Nilifika Nyakalengija wakati wa kupima mizigo. Kama hujawahi kuona, magunia yananing'inizwa kwenye mizani, mkubwa wa wabebaji anasoma kilo, na kila mtu anadai gunia lake ni zito kuliko linavyosema. Mkubwa wao ni Thembo, tulianza naye kazi mwaka mmoja. Mumbere alikuwa katikati ya wageni, miwani ya jua usoni, anasimulia kitu kwa Kiingereza na mikono yote miwili, na taya linakwenda. Wageni walikuwa wanacheka. Walimpenda. Alikuwa mtu wa kupendeka sana asubuhi ile, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilisimama chini ya mizani nikasema, "Huyu anashuka."

Mizani iliendelea kuyumba peke yake. Mumbere akacheka.

"Tata, hatujapanda hata hatua moja. Utanishusha wapi, ziwani?"

Wengine wakacheka naye, na kwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha. Nilirudia. Nikasema wewe umepanda siku nyingi, sisi tuliobaki chini ndio tumechelewa kukuona.

Thembo akaja karibu, akaniambia taratibu kwamba nimeshastaafu, sheria ni ya wabebaji. Nikamuuliza ni siku gani jina langu lilifutwa, na nani alishika kifutio. Alimwangalia Mumbere kwa makini, kama tunavyomwangalia mtu kule juu, midomo kwanza, kisha mikono.

Mwanangu akaona anaangaliwa. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, yamezama.

"Sawa," akasema, sasa kwa Lukonzo, ili wageni wasielewe na wabebaji waelewe vizuri. "Waambie basi nani alinibebea. Waambie dawa ilikuja kwenye kikopo cha nani."

Watu wote wakanigeukia. Nimetembea juu ya barafu ambayo chini yake hakuna kitu, lakini sijawahi kuogopa kama pale. Nikatoa kikopo mfukoni, nikakiinua waone.

"Hiki hapa," nikasema. "Mara tatu kilifika, ya nne kikakamatwa. Nilifikiri ni dawa yenu ya mlima. Ndiyo maana nasema mimi, asiseme mtu mwingine. Na ninashuka naye mimi."

Mumbere alinisukuma. Nilianguka juu ya magunia, sikuumia, magunia ni laini kuliko nilivyokuwa nikiyasema nilipoyabeba. Aliinama kama anataka kuniinua au kunipiga, sijui, na damu ikamtoka puani ikadondoka kwenye shati langu. Tukaiangalia wote wawili. Thembo akachukua ile fimbo yake ya uongozi. Mimi nikafungua kitambaa changu cha zamani, kile cha kazi, nikamfunga kiunoni. Akasimama tuli kama ng'ombe. Mpaka leo sijui kwa nini aliniacha nimfunge. Nilimuuliza siku moja, akasema alikuwa amechoka kuwa mchangamfu.

Ilikuwa Alhamisi, tukapanda gari la abiria la kwenda Bwera. Tulipita Kasese bila kusimama, kila mtu anamjua pale. Gari lilisimama Muhokya, ambako watu wanachoma chokaa. Vijana walikuwa wanapakia magunia, weupe mikononi, weupe kwenye kope, unga unapeperuka dirishani. Mumbere alianza kutetemeka. Nilifikiri anataka kuruka. Nikashika kile kitambaa kwa mikono miwili. Hakuruka. Alifunika uso na jaketi akalia mpaka gari likaondoka, na mama mmoja wa kiti cha mbele akanipa ndizi mbili, akasema mgonjwa asisafiri na tumbo tupu. Hakuuliza ni mgonjwa wa nini. Wema wa namna hiyo nimeuweka akilini kuliko hotuba nyingi.

Benchi la sista Ithungu ni refu, liko upande wa jua. Huyu anaongea na ukuta, yule amefungwa kamba na ndugu zake, mwingine amevaa tai na ameshika faili kama amekuja kutafuta kazi. Na Mumbere, kiongozi wa wageni, katikati yao, miguu inacheza. Aliniambia, "Umenileta kwa wendawazimu." Tulingoja mpaka saa tisa mchana. Mara mbili alisema anakwenda kukojoa, na mara zote mbili nilikwenda naye, nikasimama nje ya mlango na ncha ya kitambaa. Aliniuliza akiwa ndani kama naona raha. Nikamwambia magoti hayaoni raha popote.

Sista alikuwa mama mnene, mwenye sauti ndogo. Nilikuja nimenyoosha mkono kupokea dawa. Akasema sindano ya kutoa kitu hiki hana, na tusikubali mtu yeyote kutuuzia. Kuna muda na kuna watu, akasema, na muda utakuwa mbaya mwanzoni. Atalala, atakula, atalia, atawatukana. Akichekwa kwamba amekwisha, mnamlinda, mnamrudisha hapa. Akisema anataka kufa, mnamleta siku yoyote, msingoje Alhamisi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mzee, acha kumuuliza kama yuko sawa. Wanaoumwa hiki wote wako sawa. Muulize amekula nini. Muulize amelala wapi."

Nilijiona mpumbavu. Miaka thelathini nimewajua watu wanaosema wako sawa na midomo ya bluu, na nyumbani kwangu nilikuwa nauliza swali lilelile na kuridhika na jibu lilelile.

Alikuja kukaa kwetu Rukoki. Wiki ya kwanza alilala kama maiti, mama yake akawa anaweka kiganja mbele ya pua yake kuhakikisha anapumua. Wiki ya pili alikula bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, kama nzige waliofika. Wiki ya tatu ndiyo yalianza matusi. Mimi ni mzee wa kikopo, mama yake ni mchawi wa maombi. Aling'oa mlango wa jikoni. Aliniambia nimemvunjia jina mbele ya wabebaji, na hakuna mgeni atakayefunga kamba kwake tena, na hilo la pili lilikuwa kweli. Nilimwogopa mwanangu. Nilianza kulala na fimbo ya mlimani pembeni. Sioni aibu kusema, maana najua kuna mzazi anayesoma hapa naye analala hivyo.

Kila Alhamisi tulikwenda Bwera. Ni karibu na mpaka, karibu na ule unga, na wengi walinilaumu kwa hilo. Lakini sista alikuwa huko. Kutoka gari linaposimama mpaka hospitalini nilimfunga kitambaa ndani ya koti, watu wasione, nami nikatembea nyuma. Alhamisi ya tano aliniambia, "Tata, usivute, natembea." Nilikuwa navuta bila kujua.

Alhamisi ya saba, asubuhi tukiondoka, Mama Mumbere alinifuata mpaka njiani. Alinipa bundu ya moto, ameifunga kwenye jani la ndizi, akaiweka kiganjani mwangu kwa mkono wake. Akasema, "Benchi lile ni refu." Ni hayo tu. Nililia nikitembea, Mumbere akajifanya haoni.

Sitaki ufikiri baada ya hapo tulitembea tambarare. Msimu wa kahawa uliporudi akaanza kunenepa, mkanda ukarudi tundu moja, sisi tukalegea. Nilimtuma Kasese peke yake kununua magunia. Hakurudi. Siku tatu tulimtafuta, Biira akafunga duka lake akaja, huyohuyo niliyekuwa nikimwambia ana wivu, akapita nyumba za wageni moja moja akimtaja kaka yake kwa watu wasiomjua. Akampata kwenye chumba kimoja, taya linatafuna. Tulipomrudisha kwa sista nilikuwa nimekata tamaa, nikamwambia tumerudi mwanzo. Akasema hapana, mtu anayeshuka mlima huteleza, na akiteleza anaangukia chini zaidi ya pale alipokuwa, lakini bado yuko njiani. Sista hajawahi kupanda mlima. Sikumsahihisha.

Tukaanza kuhesabu upya. Mvua, kahawa, mvua. Damu ya puani ilikoma, ingawa pua yenyewe hupiga mluzi kidogo akivuta pumzi. Meno mawili ya nyuma yalikwisha kwa kusagwa. Alianza kulima. Baadaye akaanza kumsaidia Biira kubeba marobota ya nguo siku za soko, na kila siku ya soko mimi sikuweza kufanya kazi yoyote mpaka anipigie kwamba amefika kwa dada yake.

Siku moja alipiga mapema mno. Wasiwasi ulikuwa haujanifika, nilikuwa nageuza kahawa juani.

"Tata."

"Uko wapi?"

"Niko Mpondwe. Lile duka la simu limefunguliwa tena. Nimesimama mbele yake."

Nikasikia soko nyuma yake, pikipiki, mtu anataja bei za samaki. Niliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Mama Mumbere akaja akaishika yeye, akaiweka katikati yetu.

"Umeingia?" nikauliza.

"Bado."

Rukoki na Mpondwe, hata ukiwa na magoti ya kijana, ni mbali. Nilitaka kumwambia ngoja nakuja, na nilijua hawezi kungoja. Alikuwa anapumua kwa ile pua yake ya mluzi. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ambayo tunaitumia kule juu.

"Huyu anashuka."

Sikuelewa mara moja anamsema nani. Mama yake ndiye alinipiga kiwiko.

"Basi unajua sheria," nikamwambia. "Aliyesema ndiye anayeshuka naye. Mshike nyuma. Twende."

Nikasikia nyayo. Akawa ananitajia anapopita, kama tulivyokuwa tukitajiana njia kwenye ukungu. Anapita kwa wauza samaki. Anapita wabadilisha fedha. Ameona lile benchi la kituo, afande mfupi hayupo, yuko mwingine. Nyayo zikakoma. Nikauliza, unatembea? Akasema, nimesimama kidogo. Mama Mumbere akafumba macho. Kisha nyayo tena, kisha simu ikakatika.

Tulipiga, haikupatikana. Tulipiga tena. Kahawa iliungua juani, hakuna aliyeigeuza. Kivuli cha mti wa parachichi kilitoka kwenye mkeka hadi kwenye ukuta, na Mama Mumbere hakuachia mkono wangu.

Biira ndiye aliyepiga. Akasema betri ya kaka yake imekufa. Amefika anatokwa jasho kama aliyekimbia, amekaa chini kwenye marobota, anakula.

Nikamwomba ampe simu.

"Unakula nini?" nikamuuliza.

"Bundu, tata. Na sombe."

Sikumuuliza kama yuko sawa.